Mji umepigwa na mafuriko, marathoni iko palepale: nikimbie au niache? (jibu langu ni refu, nivumilieni)

Dada mleta mada, swali lako nililisoma jana usiku nikalala nalo, ndo maana najibu leo. Kwa wanaopita tu ambao hawajasoma juu: dada amefanya mazoezi miezi 5 kwa ajili ya marathoni yake ya kwanza, mji unaoandaa mbio umepigwa na mafuriko siku 12 zilizopita, zimebaki siku 16, waandaaji wanasema tarehe haibadiliki. Mumewe anamwambia nenda, umeshalipa kila kitu, rafiki yake anamwambia ni aibu kwenda kukimbia mahali watu wanazika. Yeye yuko katikati anauliza afanyeje.

Mimi nimepitia hili, tena upande wa pili, maana mji uliopigwa ulikuwa wa kwangu na mbio zilikuwa za hapohapo kwetu. Sitakupa jibu la ndiyo au hapana mwanzoni, kwa sababu mimi mwenyewe nilibadilisha jibu langu mara mbili ndani ya wiki mbili, na kila mara kilichonibadilisha ni kitu nilichokiona kwa macho sio maneno ya mtu.

Mto kwetu ulivunja kingo usiku, siku 23 kabla ya marathoni. Nilikuwa nimeshakimbia mbili kabla ya hapo, hii ya tatu ndo niliyokuwa naitaka kuliko zote, kilomita za wiki zimetimia, goti limetulia, kila kitu kiko sawa. Nyumba ninayokaa iko juu kidogo, maji hayakufika hata kizingitini. Asubuhi tukashuka na majirani tukakuta kule bondeni hakuna mtaa, kuna maji ya rangi ya udongo na mapaa yamechomoza. Siku mbili za kwanza sikuwaza mbio hata chembe, kila mwenye nguvu alikuwa anabeba, magodoro, wazee, watoto, mabegi ya shule, unapandisha mzigo unashuka tena, mpaka mikono inatetemeka ukishika kikombe.

Usiku wa siku ya tatu nikakaa nikaangalia ratiba yangu ukutani. Kesho yake ilikuwa imeandikwa 30, yaani kilomita 30. Wanaokimbia wanaijua hiyo, ile ndefu ya mwisho inayokuja kama wiki 3 kabla, ukishaimaliza unaanza kupunguza mpaka siku yenyewe. Nikajiambia nikiikosa hii nimeharibu miezi yote (sio kweli, ntaeleza chini). Saa 11 alfajiri nikafunga viatu nikatoka.

Njia yangu ya siku zote inashuka bondeni kwenye kilomita ya 7. Maji yalikuwa yameshapungua sehemu kubwa, yameacha tope na ile harufu ambayo aliyewahi kuinusa haisahau, na watu wametoa vitu vyao nje wanaanika kwa hiyo nilikuwa nakimbia katikati ya barabara. Kulikuwa na bibi mmoja kwenye ukuta mfupi wa nyumba yake, juu ya ukuta amepanga makaratasi, vyeti, picha za harusi, kadi ya kliniki ya mtoto, kila karatasi kaiwekea kijiwe isipeperuke, anazigeuza moja moja kwa ncha za vidole maana zilikuwa zinachanika. Aliponiona nakuja mbio akaziacha zote, akamdaka mjukuu wake mkono, akapiga kelele, "Yanarudi? Maji yanarudi?" Nyuma yake watu kama 5 au 6 wakasimama hapohapo na mama mmoja akawa ameshamnyanyua mtoto begani.

Nikasimama. Nikamwambia hapana bibi, hakuna maji, nafanya mazoezi tu. Aliniangalia muda kidogo, hakukasirika, akasema, "Basi tembea, baba. Ukikimbia sisi tunaona maji."

Nikatembea mtaa mzima mpaka mwisho, nikageuka nikapanda juu nikarudi nyumbani. Ile 30 ikaishia kwenye kilomita 9 na sijawahi kuijutia.

Lile neno la bibi nimelirudia kichwani mara nyingi sana. Hakuniambia mbio ni mbaya wala hakuniambia sina utu, aliniambia hapa, leo, usikimbie. Na ndo msimamo wangu mpaka sa hivi: hili swali la ni heshima au sio heshima ukiliuliza hivohivo hewani halikufikishi popote, mumeo ana hoja na rafiki yako ana hoja, mtabishana mpaka siku ya mbio. Uliza kitu kinachoshikika. Hizi mbio siku hiyo zitachukua nini ambacho watu wa pale bado wanakihitaji?

Kwa sababu marathoni inakula vitu vingi kuliko mkimbiaji anavyoona akiwa kwenye mstari. Inataka polisi wa kila njiapanda kwa masaa 6 au 7, magari ya wagonjwa yamesimama yanasubiri, manesi, maji ya kunywa kwa maelfu, vyoo vya kuhamishika, jenereta, vitanda vya wageni, barabara zifungwe, na inataka uwanja mkubwa wa kuanzia na kumalizia. Sasa angalia, mji uliopigwa na maji au tetemeko unahitaji nini? Vilevile. Orodha ni ileile moja.

Kwetu waandaaji waliitisha kikao na wakimbiaji siku kama 12 kabla ya mbio, nikaenda, nikiwa bado sijaamua. Wakasema mbio zipo, kutakuwa na mchango kwa waathirika, watu wakapiga makofi na mimi nikapiga. Nikanyoosha mkono nikauliza kuhusu uwanja wa kuanzia, maana pale uwanjani palikuwa na mahema, familia nyingi tu zilikuwa zinalala pale na baadhi tuliwapandisha wenyewe kwa mikono yetu. Nikajibiwa watahamishwa kwa siku 2 tu halafu watarudi. Nikauliza watahamishiwa wapi. Jibu likawa "hilo bado tunaliangalia". Yaani mtu ameshahama nyumbani kwake usiku na maji kiunoni, sasa anahamishwa tena kutoka kwenye hema ili mimi nipate pa kunyoosha misuli. Hapo ndo nilipoamua. Nilirudisha namba yangu ya mbio, ile ya kubandika kifuani, jioni ileile, na sikuwa mpole siku hiyo, niliongea kwa sauti ambayo baadaye nilienda kuiombea radhi, lakini uamuzi wenyewe sikuubadilisha.

Na hili halikutokea kwetu peke yetu. New York mwaka 2012, kimbunga Sandy kilifika Jumatatu usiku tarehe 29 Oktoba na marathoni ilikuwa Jumapili tarehe 4 Novemba, siku 6 tu katikati. Meya wa wakati ule, Michael Bloomberg, akasema mbio zipo, mji lazima uendelee na biashara zinahitaji watu, na kweli 2001 zilikimbiwa wiki chache tu baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Lakini mbio zile zinaanzia Staten Island, kisiwa ambacho ni sehemu ya jiji hilo, kwenye daraja la Verrazzano, na Staten Island ni moja ya sehemu zilizoumizwa vibaya zaidi, watu zaidi ya 20 walikufa pale, na miili ilikuwa bado inapatikana wiki ileile ya mbio. Watu wamekaa gizani hawana umeme wanaona jenereta kubwa zimepangwa kwenye bustani ya Central Park kwa ajili ya mahema ya mbio. Kuna mwenye hoteli kulekule Staten Island alikataa kuwatoa watu waliokimbia maji ili awapishe wakimbiaji waliokuwa wameweka nafasi, niliposoma hilo nikakumbuka mahema yetu. Ijumaa jioni, zikiwa zimebaki chini ya siku 2, mbio zikafutwa, mara ya kwanza tangu zianzishwe 1970. Walitarajiwa wakimbiaji kama 47,000 na wengi walikuwa wameshafika kutoka nchi za mbali na namba wanazo mkononi.

Sasa usiseme basi jibu ni kufuta siku zote, hapana. Angalia Valencia, Hispania. Mafuriko yao yalikuja tarehe 29 Oktoba 2024, tarehe ileile ya Sandy miaka 12 baadaye, na yaliua watu zaidi ya 200. Marathoni yao ilikuwa tarehe 1 Desemba na ilikimbiwa, Sabastian Sawe wa Kenya akashinda kwa 2:02:05 na ndo ilikuwa marathoni yake ya kwanza. Kwa nini pale iliwezekana? Kwanza siku 33 sio siku 6. Pili, na hili ndo kubwa, baada ya mafuriko ya 1957 walichimba mkondo mpya wa mto Turia ukapitishwa kusini mwa jiji, kwa hiyo 2024 jiji lenyewe kwa sehemu kubwa lilisalimika na miji ya kusini yake kama Paiporta ndo ilizama. Mbio zinakimbiwa ndani ya jiji. Haikubidi mtu yeyote atolewe topeni ili mkimbiaji apite. Na ni watu wa jiji hilohilo waliokuwa wanavuka madaraja kwa miguu wamebeba mafagio na makoleo kwenda kusaidia upande wa pili, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hawakujali.

Au Houston. Kimbunga Harvey kilipiga Agosti 2017, ukumbi wa George R. Brown ukahifadhi watu kama 10,000 waliokimbia maji. Ukumbi huohuo ndo wakimbiaji wa marathoni ya Houston wanakusanyikia asubuhi ya mbio. Januari 2018 mbio zilifanyika humohumo, ukumbi ulikuwa umeshaachiwa muda mrefu, na hakuna aliyeona ajabu. Jengo ni lilelile, kilichobadilika ni miezi.

Ila usihesabu siku na kilomita kama vile ndo kila kitu. Japani 2011 tetemeko la tarehe 11 Machi na tsunami vilipiga kaskazini mashariki, Nagoya iko mbali na kule, na marathoni ya wanawake ya Nagoya ilikuwa tarehe 13 Machi. Ilifutwa. Siku 2 tu, nchi nzima bado inatafuta watu wake. Hapo kipimo changu cha vitu hakitoshi, kuna wakati hata kama hauchukui kitu cha mtu, nchi inakuwa iko msibani na msibani hatupigi filimbi ya kuanza mbio.

Hoja ya hela nayo isidharauliwe, nimeiona humu wengine mmeitaja. Kule kwetu mwenzangu tuliyekuwa tunakimbia naye kila Jumamosi alinikasirikia kweli, akaniambia wewe umerudisha namba umeridhisha roho yako, lakini wenye nyumba za wageni na madereva na wauza vinywaji walikuwa wanaisubiri ile siku na sasa hata wasiopigwa na maji watakuwa na njaa. Alikuwa na haki. Sikuwa na jibu zuri siku ile na leo nnalo nusu tu: wageni wakija wakati hoteli zimejaa waliopoteza nyumba hawaleti hela, wanaleta ugomvi wa vitanda, lakini wakija baada ya miezi mitatu hivi vitanda vikiwa vitupu hiyo hela ni dawa. Kwa hiyo mtu akikwambia mbio zitasaidia uchumi muulize hoteli sa hivi zina nani ndani.

Na kingine, dada, usije ukamhukumu mtu wa pale anayetaka kukimbia. Kwenye kikundi chetu kulikuwa na jamaa maji yalichukua kila kitu chake, nyumba ilibaki kuta, viatu vyake vya mbio vilienda na maji pia. Tulimtafutia viatu, namba moja kubwa kuliko mguu wake, akavaa soksi mbili. Kila jioni akimaliza kuzoa tope alikuwa anapanda mlimani kukimbia peke yake nusu saa. Nikamuuliza anapata wapi nguvu, akasema hiyo nusu saa ndo pekee ambayo hashiki koleo na haongei na mtu kuhusu mabati. Yeye aliumia sana mbio zilipoahirishwa, alizitaka kuliko sisi wote. Mimi niliyelala kwenye kitanda kikavu sikuwa na ubavu wa kumwambia kukimbia ni kukosa heshima. Kama mtu wa pale anakwambia njooni mkimbie, sikiliza. Ila hakikisha ni mtu wa bondeni anayesema hivo na sio mtu wa kamati.

Sasa mwili, maana wengi hapa mmeongelea roho tu na mwili unaweza ukaamua badala yako. Umesema una mpango wa kutangulia wiki moja usaidie kusafisha halafu ukimbie. Nakuelewa, moyo ni mzuri, lakini nakuomba usichanganye hivo viwili. Mimi nilikuwa nazoa tope kila siku, nikakwaruzwa kidogo muundi na bati, hata sikuliona mpaka jioni, nikaosha nikaendelea. Siku ya 9 mguu umevimba na homa juu. Nesi aliyenihudumia alinigombeza kwanza ndo akanitibu. Maji ya mafuriko yamebeba vyoo, mizoga, mafuta na mkojo wa panya, na hiyo ya panya ndo inaleta homa ya mgunda, inapita kwenye mchubuko au macho au mdomo. Dalili zake mara nyingi zinakuja siku 5 mpaka 14 baada ya kugusa yale maji, zinaweza kuchelewa hata mwezi. Piga hesabu uone, ukizoa tope wiki moja kabla ya mbio, homa inaweza kukukuta siku yenyewe uko kilomita ya 25. Na inashambulia figo, na marathoni nayo inazibana figo kwa kukosa maji, na wakimbiaji tuna tabia mbaya ya kumeza vidonge vya maumivu kabla ya kuanza ambavyo navyo vinazibana figo hizohizo. Vitu vitatu mahali pamoja. Ukiwa na homa ya aina yoyote usikimbie, hata kama imeshuka jana, misuli ya moyo inaweza kuwa imevimba na wewe huoni kitu kwa nje.

Ukienda kusafisha vaa buti ndefu na glavu, funika kila mchubuko, hakikisha sindano ya pepopunda unayo, na tope likishakauka vaa barakoa maana linakuwa vumbi na ndani ya hilo vumbi kuna yote niliyotaja juu. Kama utakimbia kwenye mji ambao tope limekauka barabarani ujue kwa masaa 4 au 5 unalivuta kifuani kwa nguvu, sio kama mtu anayepita tu. Ndo maana kwenye moto wa misitu hawana mjadala mrefu, moshi ukizidi wanafuta, mapafu ya anayekimbia yanaingiza hewa mara nyingi zaidi ya aliyekaa.

Hata bila ugonjwa, kuzoa tope ni mazoezi mazito na sio ya kukusaidia mbio. Tope bichi ni zito kuliko unavyodhani, mgongo unachoka, mapaja ya nyuma yanakaza, usingizi unakuwa wa mang'amung'amu. Mimi wiki ile mapigo yangu ya moyo ya asubuhi kabla ya kutoka kitandani yalikuwa juu kwa 10 kwa dakika kuliko kawaida yangu na yalikaa hivo siku nyingi. Ilikuwa ishara tosha na nilikuwa naiona naipuuza.

Nilisema ntaeleza kuhusu ile 30 niliyoikosa. Ukiacha kukimbia wiki moja au mbili haupotezi miezi 5, unapoteza kidogo sana, pumzi inashuka kiasi na inarudi haraka. Kinachokuuma ni kichwa kinakudanganya. Kwa hiyo ukiamua kuacha hizi usilale kitandani ukaomboleza, tafuta mbio nyingine za wiki 4 mpaka 8 mbele, shusha mazoezi wiki moja upumzike, halafu panda tena, kila baada ya wiki mbili kimbia moja ndefu ya kilomita 24 au 26, katikati fanya fupi za kawaida, utafika ukiwa mzima. Miguu uliyoijenga haina tarehe moja tu ya kutumika.

Na hata tarehe hiyohiyo miguu ina kazi nyingine. Jumapili ile ya New York mbio zilipofutwa, mamia ya wakimbiaji walipanda feri kwenda Staten Island wakiwa na mabegi mgongoni yamejaa betri, blanketi, nguo na vyakula, wengine wamevaa fulana zao za mbio, wakakimbia nyumba kwa nyumba kwenye mitaa iliyoharibiwa wakagawa na wengine wakabaki wakatoa tope na samani zilizooza. Wengine walienda kuzunguka Central Park wakamaliza kilomita zao kimyakimya bila polisi wala jenereta ya mtu. Mimi naona wote walikuwa sawa.

Mwisho wa yetu ulikuwa hivi. Mbio ziliahirishwa siku 2 kabla. Wageni wengi walikuwa wameshaingia, wengine wamesafiri usiku kucha, wanafika asubuhi wanakuta tangazo, kuna mtu alikaa chini ya ubao wa matangazo akalia na sikumlaumu. Kwa kweli kama kuna kitu kimoja nawalaumu waandaaji wowote wanaofanya hivi ni kuchelewa, maana taarifa zote za kuahirisha walikuwa nazo wiki mbili nyuma, mahema yalikuwepo palepale uwanjani, hayakujificha. New York wiki kadhaa baadaye waliwapa watu kuchagua, kurudishiwa hela, au nafasi ya uhakika kwenye mbio za 2013, 2014 au 2015, au nusu marathoni ya 2013, angalau mtu alikuwa na pa kushika. Kwetu tulipewa tarehe mpya, miezi 4 mbele.

Nilikimbia hiyo. Njia ilipita mtaa wa bibi. Alama ya maji ilikuwa bado ipo kwenye kuta, juu ya kichwa changu, mstari wa kahawia umenyooka kama umepigwa kwa rula. Sikumwona, niliambiwa alishahamia kwa binti yake. Ule ukuta mfupi upo, na pembeni watu wamejaa wanamwagia wakimbiaji maji kwa vikopo. Nilipofika pale nilitembea. Mtoto mmoja akanifokea kimbia wewe umechoka nini, nikamwambia naja, nikamaliza mtaa kwa miguu ndo nikaanza tena, nikamaliza dakika 11 nyuma ya muda niliotaka.

Yule jamaa wa viatu vikubwa alimaliza mbele yangu.

Kwa hiyo dada, una siku 16, zinatosha kujua. Leo usiku waandikie waandaaji, na usiulize kama mbio zipo, hilo wameshakujibu. Uliza mstari wa kuanzia uko wapi na sa hivi pale kuna nini. Uliza magari ya wagonjwa yatatoka wapi na hospitali ya mji inafanya kazi au imejaa. Uliza njia inapita mitaa iliyozama au haipiti. Kisha piga simu kwenye hoteli uliyolipia, uwaulize kama kuna familia za mafuriko zinakaa pale, wataongea ukweli kuliko kamati. Halafu mtafute mtu mmoja tu wa pale, sio mkimbiaji, umuulize angejisikiaje kukuona unapita mbele ya nyumba yake.

Wakikujibu uwanja ni mtupu, maji ya bomba yamerudi na hoteli ina nafasi, nenda ukakimbie na usimruhusu mtu akuwekee aibu ambayo sio yako. Wakikujibu "hilo bado tunaliangalia", omba kuhamishiwa mwaka ujao kabla tarehe ya mwisho ya kuhamisha haijapita, baadhi zinafunga wiki mbili kabla kwa hiyo huenda wewe una siku 2 tu, iangalie leo. Majibu yakija yaweke hapa tuyasome pamoja, na mpango wa wiki 8 nnao, ntakutumia.